Nyumba ya Mwalimu Haina Mtu

Sumbawanga,
9 Septemba 2024

Mama mdogo Raheli,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo. Mke wangu amerudi kazini, mapacha wameanza chekechea na wote wawili wamegoma kuvaa soksi. Mimi niko palepale maabara ya hospitali, napima damu za watu mpaka macho yanauma. Mguu wako unaendeleaje? Na mwanao William, bado yuko kwenye ujenzi?

Nimerudi kwenye kalamu kwa sababu simu imetushinda, na sikio lako naona linazidi kuwa zito. Juzi nilipiga kelele mpaka foleni yote ya wagonjwa ikageuka kunitazama, na wewe ukanijibu kwamba mbuzi amezaa. Nilifurahi kwa ajili ya mbuzi, ila sicho nilichouliza. Barua zangu nitazituma kwa basi hadi Kongwa, William azichukue stendi.

Nilikuwa nauliza habari za nyumba ya mama. Tangu tumzike mwezi wa sita haina mtu, na ufunguo ulibaki kwako. Unajua alivyoijenga: kiinua mgongo chake chote cha ualimu kiliishia kwenye matofali yale. Mimi sina kitu kingine chake, na nikistaafu ndipo nitakaporudi. Nimesikia kuna nyumba tupu huko Kongwa iling'olewa milango, madirisha, hadi sinki. Kwa hiyo nimeikatia bima ya moto, wizi na maji.

Bima yenyewe ina sharti. Nyumba ikikaa siku thelathini mfululizo bila mtu kulala ndani, kampuni hailipi wizi wala maji. Wewe uko ng'ambo ya korongo tu, hata mita mia tatu hazifiki. Naomba uwe unalala pale, walau siku mbili kwa wiki. Kitanda cha mama kipo, shuka zimo kabatini.

Nisalimie jirani zako wote.

Mwanao,
Yoramu


Mlali,
4 Oktoba 2024

Yoramu mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa stendi siku kumi na moja kwa sababu William alidhani ni matangazo ya watu wa mikopo. Imefika, nimeisoma mara mbili, miwani yangu ina ufa upande wa kushoto. Hatujambo. Mguu asubuhi unauma, jioni unasahau. Yule mbuzi alizaa mapacha kama wewe, ila wa kwake hawana habari za soksi. Mwantum, yule mama wa Kondoa mwenye duka hapa jirani, anasema wanao akiwaona atawapa biskuti mpaka wakatae chakula.

Nyumba iko salama, ondoa wasiwasi. Uwanja naufagia kila asubuhi kabla jua halijapanda. Mwarobaini naumwagilia. Buibui wa barazani nimewahamisha kwa nguvu. Ijumaa natundika kanga zangu mbili kwenye kamba ya mama yako, zikaukie pale, ili mpita njia ajue pana watu. Mwizi gani ataingia penye kanga mbichi? Ndani nako ni salama.

Habari ya kulala, hapana. Nina mbuzi kumi na moja, na fisi wa mwaka huu hana adabu kabisa. Tena huyo mtu wa bima naye! Yeye aandike karatasi, kulala nilale mimi? Mwambie nalinda.

Mama yako mdogo,
Raheli


Sumbawanga,
30 Oktoba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Tumepata barua. Nilimsomea mke wangu habari ya kanga, akacheka, akasema wewe ungefaa kuwa mkuu wa polisi. Watoto wamepata mafua, wanaendelea vizuri. Nakushukuru sana kwa kuniangalizia huko ndani. Nikikumbuka vile vitabu vyake masandukuni, moyo haukai.

Habari ya mbuzi nimeifikiria. Nyuma ya nyumba kuna lile banda la kuku la mama. William akiongeza nguzo mbili na wavu, mbuzi wanatosha, na fisi atabaki na adabu zake nje.

Halafu kuna jambo nilipaswa kukuambia mwanzo kabisa. Fomu ya bima iliuliza kama nyumba inakaliwa au haikaliwi. Kwa nyumba isiyokaliwa wanataka barua ya kuwaarifu, daftari la ukaguzi la kila wiki, umeme uzimwe na maji yafungwe. Nilikuwa na ruhusa ya siku moja tu na basi la kuwahi. Nikaweka alama kwenye "inakaliwa", nikaandika jina lako. Sikuona ubaya, nilijua hutakataa.

Ukilala pale, nilichoandika kitakuwa kweli. Usipolala, nitakuwa nimedanganya na bima haina maana. Ndiyo hivyo tu, mama mdogo.

Yoramu


Mlali,
16 Desemba 2024

Yoramu,

Marahaba. Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, nikaona heri nipande mahindi kwanza. Mvua imeanza vizuri. Mahindi yameota, alizeti bado. William amepata kazi ya kujenga maghala Kibaigwa, anarudi kwa wiki mara moja na nguo chafu.

Hivi wewe, jina langu uliliokota wapi? Hata mchungaji siku ya kunibatiza aliwauliza wazazi wangu kwanza. Mwana aliyenyonya kwa dada yangu unaniandika kwenye karatasi za kampuni ya watu kama mfuko wa saruji! Eti ulijua sitakataa. Nani alikuambia?

Kulala pale siwezi. Ile baraza ina ngazi tatu na mguu wangu ndio huu. Nalinda kama nilivyokuahidi msibani, na silegei. Lakini hilo usiniulize tena. Kuna mambo mtu akishaambiwa mara moja yanatosha.

Nimempa dereva mfuko wa karanga. Mkeo azikaange kwa chumvi, siyo sukari kama alivyofanya mwaka ule.

Raheli


Mlali,
27 Januari 2025

Yoramu mwanangu,

Salamu baadaye. Maji yameingia nyumbani kwa mama yako.

Unajua bomba la kijiji lilikuwa kavu tangu mwezi wa sita. Jumanne iliyopita wamewasha pampu mpya, watu wakatoka na ndoo wakishangilia. Kumbe ndani kwa mama yako kuna bomba lilikuwa limeachwa wazi. Jumatano asubuhi nimekwenda kufagia, nakuta maji yanatoka chini ya mlango, yanashuka ngazi, yamechimba mfereji mpaka kwenye mwarobaini. Koki ya nje nimeizungusha hadi viganja vikachubuka, imeshika kutu. William alikuwa Kibaigwa. Amekuja Ijumaa jioni, akafungua, akafunga bomba.

Anasema magodoro yamelowa, masanduku ya vitabu yamelowa, milango ya mbao imevimba. Anasema kona ya nyuma imetitia, ukuta umepasuka kutoka dirishani hadi chini, na mkono wake umeingia kwenye ufa. Anasema mvua ikiendelea bila kona ile kushikwa, ukuta utakwenda, na paa litaufuata.

Nimemkataza asikuandikie yeye. Nimeandika mimi. Samahani sana, mwanangu.

Raheli


Sumbawanga,
8 Februari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilifika nikiwa zamu. Nilikaa kwenye stuli ya maabara mpaka mwenzangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Nisikilize. Kampuni nimeipigia. Bima inalipa maji ya bomba, na ukuta nao umo. Mkaguzi wao wa Dodoma, anaitwa Abdulwahab, atakuja huko wiki ya mwisho ya mwezi huu. Atatazama ufa, atapiga picha, na lazima atauliza nani analala ndani. Naomba umwambie ni wewe. Najua wewe ni mtu wa kanisa, najua ninachokuomba. Lakini bila bima sina cha kujengea kona ile sasa hivi, na mvua zimebaki miezi miwili. Neno moja tu, mama mdogo, nyumba ya mama isianguke.

Kisha kuna kitu sikielewi, na nimeirudia barua yako mara nyingi. Maji uliyaona Jumatano. William alikuja Ijumaa. Ufunguo si unao wewe?

Yoramu


Mlali,
3 Machi 2025

Yoramu,

Marahaba. Kaa chini usome, wala usinikatize.

Mkaguzi wako alikuja Alhamisi na pikipiki ya kukodi. Mtu wa makamo, mpole, ameniamkia vizuri, na alipojua sikio langu akapaza sauti bila kukunja uso. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa gauni la kanisani. Nikamfungulia mlango, nikabaki barazani. Akaniuliza, "Mama, ndiwe unayeishi hapa?" Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, neno halikukwama hata kidogo.

Akauliza, "Unalala chumba kipi?" Nikanyoosha kidole kwa ndani, mlango wa kushoto. Akaenda, akafungua, akarudi taratibu. "Mama, kile ni choo." Nikasema basi ni ule unaofuata. Akaenda tena. "Ule ni stoo, mama. Kuna mkaa mpaka juu." Hakucheka. Afadhali angecheka! Akapima ufa wake, akapiga picha zake, akaomba maji ya kunywa. Nikaenda kuyachukua kwa Mwantum, kwa sababu sijui vikombe vya mama yako vinakaa wapi. Narudi, nimemkuta ameketi ngazini, daftari amelifunga. Akasema, "Mama, wewe hujawahi kuingia humu." Nikamwambia kweli, hata siku moja.

Sasa na wewe usikie. Mwaka 2018 bibi yako aliugulia kwangu. Alikataa kupanda gari, akataka dawa za mizizi, na mimi nikamsikiliza siku nne nzima. Siku ya tano nikamkodia gari kwa lazima. Alifia njiani. Pale mazishini mama yako alisimama mbele ya watu wote akasema, "Raheli, umemuua mama. Kwangu usikanyage." Wewe ulikuwa bado njiani unatoka huko kwenu, hukusikia, na waliosikia hawakuwa na sababu ya kukwambia.

Alipojenga nyumba hii hakunikaribisha na mimi sikuomba. Alipoanza kuugua nilikuwa napeleka maziwa ya mbuzi, naiacha chupa barazani, nagonga, naondoka. Jioni naikuta imeoshwa, imefunikwa vizuri. Hatukuwahi kuongea zaidi ya hapo. Alipokufa nilikaa kwenye jiko la nje siku nne na masufuria, watu wakanisifu kwamba Raheli ni mchapakazi. Uchapakazi gani! Sikuwa na pa kuingia.

Basi ile Jumatano nilisimama na ufunguo. Niliutia kwenye kitasa, nikauzungusha, ukakubali. Mguu ukakataa. Wala siyo huu mbovu, yote miwili. Mwantum ningeweza kumwita aingie yeye, lakini ningemweleza nini? Siku mbili nilikaa pale ngazini, maji yananipita. Na zile barua za kwamba ndani ni salama, nilikuwa nachungulia dirishani tu, na pazia limefungwa.

Kwa hiyo nyumba ya dada yangu nimeiua nayo. Nisamehe kama utaweza. Nitaendelea kufagia.

Raheli


Sumbawanga,
19 Aprili 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa zaidi ya mwezi na sitasema kazi zilikuwa nyingi. Niliandika siku ileile nilipopata barua yako, nikaichana. Nikaandika nyingine, ilikuwa mbaya zaidi, mke wangu ndiye aliyeichana.

Kampuni imekataa kulipa. Barua yao ni fupi. Hawakukutaja wewe popote. Wamesema mwenye mali alitoa maelezo yasiyo ya kweli kwenye fomu. Mwenye mali ni mimi, na fomu niliijaza kwa mkono wangu nikiwa na haraka ya basi.

Halafu lile bomba. Nililiacha wazi mimi. Siku tuliyotoka makaburini niliingia jikoni kunawa, nikafungua, halikutoa hata tone. Nikatoka nje, wewe ukaninawisha kwa jagi. Sikurudi kulifunga. Nilikumbuka tangu nilipoisoma barua yako ya Januari, palepale kwenye stuli. Nikakuuliza habari za ufunguo ili nisijiulize habari za bomba. Nilikuacha ubebe mzigo wote peke yako, na kwa hilo naona aibu kuliko kwa fomu.

Kuhusu bibi. Nina miaka kumi na minne hospitali. Nimeona wazee walioletwa siku ya kwanza wakafa, na walioletwa siku ya kumi wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Sijui kama zile siku nne zilibadili kitu. Mama naye hakujua. Alikuwa na uchungu, akasema.

Najua ungependa kusikia kwamba alikusamehe. Sitakwambia hivyo, tumeshadanganya vya kutosha mwaka huu. Hakuniambia. Hakukutaja kwangu kabisa, isipokuwa mara moja kwenye simu, aliposema maziwa ya Raheli hayatiwi maji.

Lakini nyumba aliniachia mimi, kwa wosia, mbele ya wazee wa kanisa. Aingie nani na asiingie nani, hayo sasa ni ya kwangu kusema. Kama aliniachia kuta, basi na lile neno lake aliniachia, na mimi nimelifuta. Mama mdogo Raheli, karibu ndani.

Sisemi hivyo kwa ajili ya bima. Wale nimewaandikia upya na safari hii nimewaambia nyumba haikaliwi. Nimekubali kulipa zaidi, na William atakuwa anapita kila Jumamosi kusaini daftari. Ukitaka kubaki barazani, baki, hutasikia neno kutoka kwangu. Julai nitakuja na likizo yangu yote tuitazame ile kona pamoja.

Mwanao,
Yoramu


Mlali,
1 Juni 2025

Yoramu mwanangu,

Mbukwa! Leo nakusalimu Kigogo, ujue nimeamka vizuri. William hajambo. Hakukungoja Julai: alichimbua ile kona, akafunga nondo, akamwaga zege, na vijana wa maghala walimsaidia kwa ugali na mbuzi mmoja wangu, yule mwenye kiburi. Anasema ukuta hauendi popote. Ufa utauona, ameuziba kwa saruji ya rangi nyingine. Mahindi siyo mabaya. Karanga zimekataa.

Barua yako niliibeba kwenye pindo la kanga siku tisa. Mwantum akadhani ni hela. Siku ya kumi nikaenda nayo, nikakaa pale ngazini, nikaisoma yote kwa sauti. Sijui nilikuwa namsomea nani. Nilipofika pale ulipoandika karibu ndani, nikarudia, nikavua viatu, nikaingia.

Sikuona cha ajabu. Ni nyumba. Inanuka unyevu, na jikoni kuna kalenda ya mwaka jana imebaki mwezi wa tano. Vitabu vyake nimevianika uwanjani kwenye mkeka, vingine vimegandana havifunguki. Nimeokoa daftari la mahudhurio la darasa la nne la mwaka 1991, na wewe umo, umekosa siku sita. Magodoro nimeyatupa. Pazia nimelifua, sasa ndani panaonekana.

Wa bima waandikie tena, na uwaombe radhi kwa usumbufu. Waambie nyumba inakaliwa kuanzia tarehe kumi na saba Mei. Na yule Abdulwahab mwambie nalala chumba cha mbele, na choo najua kilipo. Kitanda chake sijakilalia, natandika mkeka pembeni. Pengine nitakipanda, pengine sitakipanda, hilo halimo kwenye fomu. Mbuzi wako bandani nyuma, fisi amekuja mara moja akaondoka.

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa ndani nachambua mlenda. Mwantum akaja na bakuli la maandazi, akapiga hodi kwa nguvu, maana sikio langu analijua. Nikaitika, "Karibu, pita ndani!" Nilishalisema neno hilo ndipo nikalisikia. Nikamwacha maskini kasimama mlangoni na bakuli lake, nikalia, nikalia, mpaka akaliweka chini akaja kunishika mabega. Ananiuliza kuna nini, na mimi namwambia tu kaa, Mwantum, kaa hapa.

Mama yako mdogo,
Raheli